Kikundi chetu cha maombi ofisini kimegawanyika: tukaribishaneje bila kuficha imani zetu?

SWALI: Mwalimu, shalom. Ofisini kwetu hapa Posta tuna kikundi cha maombi, kila Jumatano saa saba mchana. Tulianza watu 17, sasa tumebaki 9. Kiongozi wetu, ambaye ni mlokole, alifundisha kwamba walionyunyiziwa maji utotoni hawajabatizwa, akaanza kuandikisha majina ya watakaokwenda kuzamishwa baharini. Dada mmoja Mkatoliki aliacha kuja baada ya mwenzetu kumwambia kwamba rozari ni kamba ya kumfunga. Msabato wetu amekuwa baridi tangu sherehe ya Desemba, tulipoagiza kitimoto na ndizi, yeye akala kachumbari. Mimi ni wa KKKT. Nikitaja umoja naambiwa ni mkristo vuguvugu. Je, kukubaliana ni kunyamazia tofauti zetu? Na kati yetu, aliye dhaifu wa imani ni nani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Dada, naanza na ile sahani ya kachumbari, maana katika yote uliyoandika ndiyo iliyo karibu zaidi na barua ya Paulo. Fungua Warumi 14:2: mmoja anakula vyote, mwingine anakula mboga. Msabato wenu alikaa ndani ya aya hiyo sherehe nzima, na sidhani kama kuna aliyeligundua.

Barua ile ina historia yake. Mnamo mwaka 49 Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma. Ndiyo sababu Matendo 18:2 inawakuta Akila na Priskila wakiwa Korintho. Klaudio akafa mwaka 54, waliofukuzwa wakaanza kurudi, na Paulo akaandika kama mwaka 57. Wachambuzi wengi huisoma sura ya 14 kwa mandhari hiyo: Wayahudi waliomwamini Kristo wanarudi na kukuta mikutano ya nyumbani inaendeshwa na watu wa mataifa, meza imeandaliwa kwa mazoea ya wengi, nyama imetoka soko lisilojulikana limechinja vipi, na siku walizozishika tangu utoto hakuna anayezijali. Hakuna aliyewafukuza mara ya pili. Walikuta tu kwamba chakula kimeshaagizwa.

Hapo niseme jambo ambalo huenda likawauma kidogo. Mngekuwa mmewaalika wafanyakazi wenzenu Waislamu, kitimoto kisingeletwa mezani. Mnajua adabu hiyo bila kufundishwa, kila mtu wa Dar es Salaam anaijua. Msabato aliikosa kwa sababu moja tu, kwamba ni Mkristo mwenzenu, na Mkristo mwenzetu tunadhani hana haki ya kuwa tofauti na sisi.

Sasa swali lako la nani dhaifu. Ukilipeleka kwenye kikundi, kila mmoja atamnyoshea kidole mwingine: anayekula vyote atasema dhaifu ni Msabato, Msabato atasema dhaifu ni asiyeweza kuishika amri, mlokole atasema ni yule anayekunywa bia kwenye send-off. Paulo hafuati njia hiyo. Katika aya ya 3 anagawa makosa mawili tofauti: "Yeye alaye asimdharau huyo asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu huyo alaye; kwa maana Mungu amemkubali." Anayejiona huru kosa lake ni kudharau, kucheka, kusema "bado umefungwa na sheria". Anayejiona mwangalifu kosa lake ni kuhukumu, yaani kumwondoa mwenzake katika idadi ya waliookoka. Kwa hiyo, badala ya kutafuta dhaifu ni nani, kila mmoja ajiulize ni lipi kati ya hayo mawili linalomjia haraka zaidi. Kwenye kikundi chenu ya kudharau yalitokea mezani, ya kuhukumu yakatokea kwenye somo la ubatizo.

Na kitenzi chenyewe? Warumi 14:1 inasema "mkaribisheni", na 15:7 inarudia: "mkaribishane ninyi kwa ninyi, kama naye Kristo alivyotukaribisha". Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ndicho kilichotumika Matendo 28:2, meli ilipovunjika na watu wa Malta wakawasha moto na kuwakaribisha waliookoka, mvua inanyesha na baridi ipo. Ni kumvuta mtu ajongee motoni ulipokaa wewe. Wafasiri wetu walipata neno zuri kuliko lugha nyingi, kwa sababu ndani ya "karibisha" mna "karibu". Mtu anaweza kukubaliana nawe akiwa Mbagala na wewe uko Bunju. Kukaribishwa sharti awe mlangoni.

Lakini usiishie hapo, kwa kuwa aya hiyo inaendelea: "walakini msimhukumu mawazo yake". Kuna kumkaribisha mtu ili akae, na kuna kumkaribisha ili umshughulikie. Kikundi kinachomwalika Mkatoliki huku kina mpango wa kumtoa Ukatoliki kimeweka mtego, hata kama chai ni ya bure. Mwalikwa huujua mtego huo ndani ya wiki mbili.

Je, basi kila kitu kikubalike? Hapana, na mpaka umo kwa Paulo huyohuyo. Paulo alimtahiri Timotheo (Matendo 16:3). Kwa Tito alikataa katakata, asitahiriwe (Wagalatia 2:3-5). Tendo ni moja, maamuzi mawili. Kwa Timotheo lilikuwa ni kuondoa kikwazo kwa Wayahudi watakaohubiriwa. Kwa Tito watu walilifanya kuwa sharti, kwamba bila hili imani yako haijatimia. Na Petro alipojitenga na meza ya watu wa mataifa kule Antiokia, Paulo alimpinga mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Kipimo ni hicho. Mtu akisema "kanisani kwetu tunazamisha, na hii ndiyo sababu yetu", amekaa ndani ya Warumi 14. Akisema "wewe usipozamishwa huna Kristo", amehamia Wagalatia, na hapo kunyamaza si upole.

Kuhusu ubatizo wenyewe, nadhani nusu ya ugomvi wenu inatokana na kutojua mwenzako anaamini nini hasa. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa KKKT, Anglikana na Moraviani uliofanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mlutheri akihamia huko huombwa cheti cha ubatizo, habatizwi tena, bali hukiri imani, hupokelewa na kupewa kipaimara. KKKT nayo haimbatizi tena anayetoka Ukatoliki. Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato hubatiza anayekiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, na huzamisha. Wanapomzamisha aliyenyunyiziwa utotoni hawaoni kwamba wanarudia, maana kwao ile ya kwanza haikuwa ubatizo. Kwa hiyo kiongozi wenu hakuzusha jambo. Alisema mafundisho ya kanisa lake. Alipokosea ni mahali aliposemea.

Mwaka 1982, mjini Lima, Tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ambamo wanatheolojia Wakatoliki nao hushiriki, ilitoa andiko kuhusu ubatizo, ekaristi na huduma. Linasema ubatizo haurudiwi na kwamba lolote linaloweza kueleweka kama kubatiza upya liepukwe. Linawaonya pia wanaobatiza watoto wasibatize ovyoovyo bila kuwalea watoto hao hadi imani yao wenyewe. Wapentekoste wengi hawafungwi na andiko hilo, na usilitumie kama rungu. Ila lile onyo la pili linatuhusu sisi tunaobatiza wachanga: mlokole akiuliza "mlibatizwa, mkafundishwa nini baadaye?", anauliza swali ambalo Lima ilishaliuliza.

Sasa niseme jambo ambalo ningependa mlianzie Jumatano ijayo: kikundi chenu si kanisa. Watu 17 wa madhehebu manne wanaokutana saa ya chakula hawana mamlaka ya kubatiza, hawagawi meza ya Bwana, hawatozi zaka. Vikundi vya ofisini vinavyovunjika mara nyingi vimevuka mojawapo ya mistari hiyo mitatu. Ile orodha ya baharini ifutwe leo. Kama kuna mtu amesadiki kweli kwamba anapaswa kuzamishwa, aende kwa mchungaji wa kanisa analotaka kuingia, afundishwe, na kwa heshima amjulishe kiongozi wa kanisa analotoka. Jambo hilo halipiti kwenye daftari la kikundi.

Meza ya Bwana vilevile. Mkatoliki, kwa sheria ya kanisa lake (kanuni namba 844), hapokei ekaristi kwa mchungaji wa Kilutheri wala Kipentekoste. Wasabato huitanguliza kwa kutawadhana miguu. Mkiweka mkate na divai ofisini mtakuwa mmemtoa mtu nje huku mkisema mnaunganika. Mnaofanya kazi Posta hamna shida ya makanisa: Mtakatifu Yosefu na Azania Front yapo pale ufukweni, Mtakatifu Albano si mbali, mtu akihitaji sakramenti anajua pa kwenda kwa miguu.

Fedha: kila mmoja sh 2,000 kwa wiki si mzigo, na kwa watu 9 mliobaki ni sh 18,000, yaani sh 72,000 kwa wiki nne. Iitwe jina lake, mfuko wa chai na rambirambi, isiitwe sadaka. Washike watu wawili wa madhehebu tofauti, na salio lisomwe kila mwezi. Ikianza kupelekwa kwa mhubiri mgeni "kama mbegu", kikundi kimeshapata mwenyewe.

Sasa uendeshaji. Mna dakika 45. Tano za salamu na wimbo, kumi za kusoma, kumi na tano za tafakari, kumi za maombi, tano za matangazo, saa nane kasorobo watu wanarudi kwenye meza zao. Uongozi uwe wa zamu ya mwezi mmoja mmoja kwa kila dhehebu, na anayeongoza asifundishe jambo ambalo mmojawenu atalazimika kulikana akifika kanisani kwake Jumapili, au Jumamosi. Akitaka kueleza msimamo wa kwao, aseme "kanisani kwetu tunafundisha hivi", na mwenye msimamo mwingine apewe muda uleule, siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo tofauti zinavyosemwa bila kufichwa. Na kila mtu aeleze imani yake mwenyewe. Mpentekoste asieleze Wakatoliki wanaamini nini kuhusu Maria, amwulize Mkatoliki.

Kuna sekunde moja inayowaumbua wote, nayo ni Baba Yetu. Jumatano ijayo sikiliza. Mnaanza pamoja vizuri hadi "jina lako litukuzwe", kisha nusu wanasema "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe", nusu wanasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike". Hapo sauti zinaanza kugongana. Wengine wanaomba riziki, wengine mkate wa kila siku. Mmoja anasema "usitutie majaribuni", mwingine "usitutie katika kishawishi". Halafu Mkatoliki anafika "utuopoe maovuni, amina" na kunyamaza, huku wengine wakiendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako", naye anabaki ameinamisha kichwa kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake. Hakuna uzushi hapo, ni tafsiri mbili za sala moja, na ile sifa ya mwisho Wakatoliki wanayo ndani ya Misa, mahali pengine kidogo. Dawa ni rahisi: wiki hii andikeni ya upande mmoja kwenye karatasi, wiki ijayo ya upande wa pili, wote wasome. Mtu akishaomba kwa maneno ya mwenzake mara tatu nne, hayamtishi tena.

Salamu nazo mzibadilishane. Anayeongoza Mkatoliki akisema "Tumsifu Yesu Kristo", jifunzeni kuitikia "Milele, amina" bila kucheka, kama yeye anavyoitikia "Bwana asifiwe" zenu. Mkisoma Biblia, chagueni somo katika vile vitabu 66 ambavyo kila mmoja anavyo. Biblia ya Mkatoliki ina 73, na siku akinukuu Yoshua bin Sira, kimojawapo cha vile vya ziada, msimwambie ametoa maneno nje ya Biblia.

Maombi ya sauti ya pamoja yana wapenzi wake na yana watu yanayowafukuza. Gawa zile dakika kumi: tatu za kimya, nne mtu mmoja akiomba na wengine wakiitikia, tatu kila mtu kwa sauti yake, ya kiasi, maana hiyo ni ofisi na ukuta ni wa jipsamu. Kunena kwa lugha kuna utaratibu wake katika 1 Wakorintho 14:27-28: wawili au watatu, kwa zamu, na mfasiri awepo, asipokuwepo, mnenaji anyamaze kanisani na aseme na Mungu moyoni. Wapentekoste waliofundishwa vizuri wanaijua aya hiyo. Na mtu asiwekewe mikono kichwani kabla hajaulizwa na kusema ndiyo.

Kuhusu dada wa rozari. Aliyesema maneno yale ndiye aende, si wewe, wala si kiongozi kwa niaba yake. Mathayo 18:15 inataka mambo yaanzie kati ya wawili peke yao, kwa hiyo asiandike kwenye kundi la WhatsApp. Aende ana kwa ana, aseme kitu kifupi: "Nilisema neno baya kuhusu sala yako, na sikuwahi kukuuliza inahusu nini. Nisamehe." Pale kwenye "nisamehe" aweke nukta. Akiongeza "lakini Biblia inasema", amefuta yote. Asimwombe arudi siku hiyohiyo. Hilo aseme dada mwenyewe akiwa tayari. Na akirudi, msimpigie makofi. Mpeni zamu ya kusoma somo kama mtu mwingine yeyote. Anayedhani rozari haina Biblia aulize: mafumbo yake mengi ni matukio ya Injili, tangu malaika Gabrieli kumjia Maria hadi ufufuo. Anaweza bado kukataa kuisali. Si lazima aipende ili aache kuitukana.

Kuna pia usemi unaorushwa Posta na Kariakoo kwamba Wakatoliki hawaamini neema. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakajiunga nalo 2006. KKKT ni mshiriki wa shirikisho hilo. Tofauti zimebaki, lakini wewe Mlutheri ukiachia usemi ule upite unakana sahihi ya upande wako.

Wanaokuita vuguvugu waambie wasome aya inayofuata ile ya vuguvugu (Ufunuo 3:16). Ufunuo 3:17 unaeleza kanisa hilo la Laodikia lilikuwa na ugonjwa gani: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Hao walijitosheleza. Anayesema "sina haja ya Mkatoliki wala Msabato" ndiye aangalie asije akawa jirani yao.

Mtauliza mpaka wa nje wa kikundi uko wapi. Mimi ningeuweka kwenye imani ya Nikea, iliyoanza kuandikwa mwaka 325 na kukamilishwa 381: Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Yesu Kristo Mungu kweli na mtu kweli, aliyekufa na kufufuka. Hata Wapentekoste wengi wasioisoma kwa sauti Jumapili wanayakiri hayo. Mfanyakazi mwenzenu ambaye ni Shahidi wa Yehova hakiri Utatu, na wao wenyewe hawashiriki ibada za madhehebu mengine, basi msimsumbue kwa mialiko. Mnywe naye chai tu. Wengine wote ndani ya mstari huo ni wenu.

Imebaki sherehe. Msabato anafuata Walawi 11: nyama ya nguruwe hapana, na kwa jiji la pwani hilo linagusa pia pweza, ngisi, kamba na kaa, kwa sababu samaki anayeliwa ni mwenye mapezi na magamba. Sato, sangara na changu wanafaa. Wengi wao hawanywi kahawa wala chai ya majani, kwa hiyo chupa moja iwe ya mchaichai au tangawizi. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, hapa Dar kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi. Mkesha wa Ijumaa anaweza kuja kuomba, ila msimtume dukani kununua soda wala kumpangia jiko. Mkatoliki naye hali nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima kuanzia miaka 14, na kati ya 18 na 59 Jumatano hiyo pia anafunga. Hiyo Jumatano ni siku yenu ya kikundi, kila mwaka, basi siku hiyo acheni vitafunio kabisa. Desemba agizeni kuku, wali, maharage na soda, mkutane Alhamisi jioni, na anayetaka kitimoto chake akile Ijumaa na familia yake. Kazi ya kuagiza mpeni Msabato mwenyewe.